Msusi, Punguza Mkono

Nywele zangu za mapanjani zilinyonyoka mwaka wangu wa kwanza Dar es Salaam, na sehemu kubwa yake imerudi. Naandika kwa ajili ya mwanamke aliye katikati ya mambo hayo mawili, yule ambaye leo amejifunga kilemba hadi kwenye nyusi, si kwa dini wala kwa mapambo, bali kwa kuwa hataki mtu aone kilicho chini yake. Nimekuwa mwanamke huyo. Nimepika na kilemba hicho, nimekwenda jumuiya nacho, nimekaa nacho misibani, nimelala nacho.

Mimi ni mtu wa Njombe. Huko juu, mwezi wa Juni na wa Julai, kuna asubuhi unatoka nje unakuta umande umeganda juu ya majani. Shuleni tulinyolewa, ndiyo desturi ya shule nyingi za serikali, kwa hiyo nywele nilianza kuzifuga nilipomaliza kidato cha nne. Mama ndiye aliyenisuka. Alinikalisha katikati ya magoti yake jikoni, penye moto, akanifunga mabutu kwa uzi mweusi, akanipaka mafuta ya mgando mpaka kichwa kikang'aa. Nywele zangu ni kipilipili hasa. Ukiuvuta unywele mmoja unaona urefu ambao ukiuachia unapotea. Adui yetu kule alikuwa ukavu: hewa ya baridi inanyonya maji ya ngozi, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, ncha za nywele zinavunjika. Dawa zetu zote zilikuwa za kuziba na kulainisha, mafuta mazito na glisarini, na zilifaa kabisa kwa hali ya kwetu.

Dar nilikuja kufanya kazi ya mama lishe, Kurasini, upande wanakopita madereva wa malori ya bandarini na utingo wao. Upepo wa kaskazi ukishaanza, kuanzia Desemba hadi Machi, mchana joto linafika nyuzi 32 na usiku haupoi. Hewa imejaa unyevu wa bahari. Juu ya hayo weka majiko ya mkaa, sufuria la wali linalofuka mvuke, karai la kukaangia samaki, na kitambaa kichwani, maana mpishi lazima afunike nywele. Mwili ulizoea joto baada ya muda. Kichwa hakikuzoea.

Asubuhi nilichana, nikabana, nikatoka. Kufika saa sita mchana nywele zilikuwa zimejikunja na kushikana, na jioni kuzichambua ilikuwa kazi ya machozi. Chanuo lilikusanya vipande. Nilipaka glisarini zaidi, kama tulivyofanya nyumbani, na hali ikazidi. Nimekuja kusoma sababu yake na sitachoka kuieleza, kwa kuwa wanawake wengi wanaohamia pwani kutoka mikoa ya baridi wanakutana na jambo hili na kudhani maji ya Dar yamewakataa. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na ndani yake mna viungo vidogo vingi mno ambavyo maji huvifungua. Vikikauka vinajifunga tena katika umbo lolote vilimokutwa. Unywele mmoja unaweza kubeba maji yanayokaribia theluthi ya uzito wake. Kwenye hewa ya kaskazi unavimba, unasinyaa, unavimba tena, siku nzima. Magamba yake madogo ya nje yanainuka, na gamba likiinuka linashika unywele wa jirani. Nywele zetu zina mikunjo mingi, na kila mkunjo ni mahali panapoweza kukatikia. Glisarini nayo kazi yake ni kuvuta maji. Njombe, chini ya mafuta mazito, ilikuwa rafiki. Dar, glisarini hiyo ilikaribisha unyevu wote wa bahari ndani ya nywele zilizokuwa tayari zimelewa maji.

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: suka rasta, nywele zipumzike.

Wazo hilo ni la kweli na ninalishika mpaka leo. Ncha ya unywele ndiyo sehemu kongwe kuliko zote, imeona jua, sabuni na chanuo kwa miaka. Ukiificha ndani ya msuko inapona misukosuko. Huchani kila siku. Nywele zilizokaa pamoja hazivimbi na kusokotana ovyo na unyevu. Kwa nywele kama zangu, katika mji kama Dar, kusuka ni ulinzi hasa, na bibi zetu walilijua hilo kabla saluni hazijakuwepo. Ubaya unaingia kwenye mkono wa anayesuka, kwenye uzito wa kinachoongezwa, na kwenye muda ambao kichwa kinakaa kimefungiwa jasho lake.

Nilisukwa saluni ya uchochoroni, Temeke, wasusi wawili kwa pamoja, mmoja kila upande. Rasta ndogondogo, ndefu hadi kiunoni, zimeanzia kwenye malaika kabisa, zile nywele laini za ukingo wa uso. Nilisema, "Dada, inauma." Mmoja akanijibu kwa upole, "Vumilia, mdogo wangu. Zikilegea ndani ya wiki utasema nimekula hela yako."

Nimemfikiria sana dada yule na simchukii. Alikuwa anasema ukweli wa kazi yake. Pwani mtindo unachakaa upesi: jasho linatoka, nywele za mbele zinavimba na kuchomoza, na mteja anarudi kulalamika kwamba amelipa fedha nyingi na sasa anaonekana hajasuka. Kwa hiyo msusi wa pwani anakaza zaidi ya mwenzake wa bara, anaongeza jeli, anavuta ukingo mpaka ngozi inainuka. Hewa ileile inayotufanya tuhitaji kusuka ndiyo inayomfanya msusi atuumize, na sisi wateja tumemzoesha kwa sifa zetu. Tunasema "amekaza vizuri." Tunaangalia ulaini wa paji la uso na kumpa bakshishi.

Usiku ule sikuweza kulaza kichwa upande wowote. Nyusi zilikuwa zimepandishwa. Jirani yangu alinipa vidonge vya maumivu na kuniambia ni kawaida, wote hulala hivyo siku ya kwanza. Siku zilizofuata vikatoka vipele vyenye usaha kwenye mstari wa mbele. Kisha jasho. Mchana kutwa lilitiririka chini ya kitambaa, likakauka na chumvi yake, likatiririka tena. Mvua za masika zilipoanza nililoa njiani, nikafika kazini nikafunga kitambaa juu ya nywele mbichi, kwa kuwa wali haungoji mtu akauke. Rasta nyingi zilizojaa nywele za bandia hazikauki ndani haraka. Juu unagusa unaona pakavu, kumbe kwenye shina mna unyevu. Kichwa kikaanza kunuka ukungu. Kiliwasha kiasi cha kujipiga kwa kiganja mbele za wateja, kwa kuwa kujikuna ukiwa na mwiko mkononi ni aibu ya mpishi. Kufumua nisingeweza mapema hivyo. Nilizisuka kwa fedha ambayo ingenunua mchele, na mwanamke mwenye kipato changu anakaa na rasta mpaka zilipe gharama yake.

Zilipofumuliwa, panja la kushoto lilibaki mkononi mwangu. La kulia lilibaki nusu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonivunja kuliko nywele zenyewe. Mama lishe anaishi kwa kuaminiwa. Mtu anakula chakula cha mkono wako bila kuona ulivyokiandaa, kwa kuwa anakuona wewe: kucha zako, kanga yako, ngozi yako. Siku upepo uliponifunua kilemba mbele ya kibanda, mteja mmoja aliona, na haukupita muda maneno yakaanza. Kwanza walisema mapunye, wakaacha kupokea maji ya kunawa kutoka kwangu. Halafu ikasemwa jambo zito zaidi. Watu wa umri wangu tunakumbuka miaka ya kabla dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hazijawafikia wengi, wakati nywele kunyonyoka ilikuwa moja ya alama ambazo majirani walizisoma mwilini mwa mtu na kumhukumu. Hukumu hiyo ilikuwa dhuluma kwa waliokuwa wagonjwa kweli, na bado ni dhuluma. Nami nikaingizwa humo. Madereva niliowapikia kwa muda mrefu walipita kibanda changu na kwenda cha mbele. Wali ulibaki sufuriani jioni. Nilirudi nyumbani na chakula cha kugawa kwa watoto wa jirani, na kodi ya chumba ikawa haijatimia.

Namshukuru Mungu kwa kina mama wa jumuiya yetu. Waliniombea, na mmoja wao alikuja kila siku ya kazi kula kwenye benchi langu la mbele, mahali pa kuonekana na wote, mume wake akiwa pembeni. Hakutoa hotuba. Alikula, akaagiza chai, akakaa.

Ushauri nao ulikuja mwingi. Niliambiwa nipake maji ya kitunguu, maji ya mchele uliolala, shubiri mwitu, mafuta ya habbat soda, mafuta ya nyonyo. Nilipaka. Shubiri ilipoza muwasho kidogo. Kitunguu kilichoma juu ya vidonda mpaka nikalia. Mwenye duka la vipodozi alitaka kuniuzia wigi la kugandishwa kwa gundi pembeni mwa uso, mahali palepale palipokuwa pabichi. Sikuwa na fedha yake, na hilo nalishukuru.

Aliyenitoa shimoni ni mganga wa kliniki ya ngozi. Tanzania tuna bahati ambayo wengi hatuijui: tangu miaka ya 1990 kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, na waliosomea huko wametawanyika katika hospitali za nchi nyingi za Afrika. Huyu wangu alivaa lenzi, akageuza kichwa changu kwenye mwanga, akanionyesha kwenye kioo kitu ambacho sikuwa nimekiona. Mbele ya sehemu iliyokuwa wazi palikuwa na ukingo mwembamba wa nywele fupifupi zilizobaki. Zile zilikuwa fupi mno kuingia kwenye msuko, akasema, ndiyo maana zimepona. Ukingo huo ndio unaotaja ugonjwa: nywele zako hazijaugua kutoka ndani, zimevutwa. Mapunye hukaa kwa namna nyingine, na upara wa utosini kwa wanawake ni habari nyingine inayotaka uchunguzi wake.

Aliniambia mzizi wa unywele ni kama mche unaotikiswa kila siku: mwanzoni udongo unalegea tu, na ukiacha kuutikisa unashika tena; ukiendelea miaka, shimo linaziba. Kwenye ngozi, kuziba huko ni kovu, na kovu halioti nywele. Mimi nilikuwa bado mwanzoni kwa sehemu kubwa. Vile vipele vya usaha vilikuwa mizizi iliyoingiwa na vijidudu kutokana na kuvutwa na jasho kwa pamoja, na kwa hivyo alinipa dawa. Kwa nywele zilizovutwa hakunipa dawa siku hiyo. Alisema dawa ya kwanza ni kuacha kuvuta: hakuna rasta, hakuna kubana nyuma, hakuna gundi, hakuna pasi ya moto, mpaka atakaponiona tena. Alinionya pia kwamba unywele hukua takriban sentimeta moja kwa mwezi, na wetu mara nyingi pungufu ya hapo, kwa hiyo nisijipime kwenye kioo kila asubuhi.

Nilimuuliza kama ni mimi peke yangu. Akacheka kwa huruma. Tatizo hili lilielezwa na daktari mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland, kwenye barafu kabisa, waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza juu ya kichwa. Karibu na kwetu, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walichunguza vichwa vya watu na kuchapisha matokeo mwaka 2007: karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima walikuwa na dalili zake, na kati ya wasichana wa shule takriban mmoja katika sita. Wasichana wa shule! Nililia pale kwenye kiti. Nililia kwa nafuu, maana kitu nilichokuwa nimekificha chini ya kilemba kilikuwa na jina, sababu na wenzangu wengi, na nililia kwa ajili ya watoto hao.

Sasa nilikuwa na amri ya kutosuka na joto lile lile. Nywele za kuachia wazi jikoni zisingedumu, nami sikutaka kunyoa, ingawa mganga alisema kunyoa ni njia halali na wanawake wengi wanaipenda. Mama wa jumuiya akanipeleka Mtongani kwa bibi mmoja, mwenyeji wa Pangani, anayesuka watoto na wajukuu wa mtaa juu ya mkeka kibarazani kwake baada ya alasiri. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Vua hicho kitambaa, kichwa kipate hewa." Alinigusa mapanja kwa kidole cha shahada, polepole, pande zote mbili, asiseme pole wala lawama. Kisha akasema tutasubiri. Alinirudisha nyumbani bila kunisuka, mara mbili, mpaka vidonda vilipofunga na mganga akaridhia.

Mkono wa bibi yule ndio niliotaka kuuandika tangu mwanzo. Hasuki nywele kavu wala zenye kudondosha maji. Anataka ziwe na unyevu wa kuteleza tu, ili zisikatike. Anapaka mafuta ya nazi kiganjani, kidogo, na kuyapitisha kwenye nywele zenyewe kuanzia katikati hadi ncha. Mafuta anatengeneza mwenyewe: anakuna nazi, anakamua tui zito, analichemsha mpaka maji yaishe na mafuta yaelee. Watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta hayo na ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, na mwaka 2003 wakachapisha kwamba ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa kuwa yanaweza kupenya ndani ya unywele. Bibi hakuhitaji kuyasoma hayo. Lakini alinikataza kuyamimina kwenye ngozi ya kichwa wakati nina mba, na hapo pia alikuwa sahihi: fangasi wa mba wanakula mafuta, na kichwa chenye jasho na mafuta katika joto la Dar ni karamu yao.

Anagawa kwa vidole kwanza, chanuo baadaye. Mistari yake ni mipana. Twende kilioni ya kawaida kabisa, inayokwenda nyuma, bila nywele za bandia, na kila mstari anauanzia nyuma kidogo ya ukingo wa uso, akiacha malaika huru kabisa. Msuko wa kwanza wa kila mstari anausuka kwa kulegeza, anaongeza nguvu taratibu anapokaribia kisogoni. Katikati ya kazi ananiambia, "Nyanyua nyusi. Kunja uso. Fungua mdomo." Uso usipokunjika vizuri, anafumua mstari huo na kuanza upya, palepale, bila kusubiri nilalamike. Mistari yake haikukaa hata wiki mbili kabla ya kuchakaa kwa mbele, na kwa kipimo cha saluni, hiyo ni kazi mbovu. Kwa kipimo cha ngozi yangu ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike pwani kulala usiku wa kusukwa.

Alinirudishia pia uzi wa mama yangu. Mabutu ya uzi wa pamba, yaliyofungwa kwa mizunguko iliyoachana, yananyoosha nywele bila moto, na ukifumua unakuta zimelainika na kurefuka, tayari kwa kusukwa. Kule Njombe niliyaona ya kishamba. Dar nimegundua ni mtindo uliotengenezwa kwa ajili ya unyevu, kwa sababu unywele uliozungushiwa uzi hauna nafasi ya kujikunja kila hewa inapobadilika, na ngozi ya kichwa katikati ya mabutu inaonekana, inapata hewa, inaoshwa kirahisi.

Kuosha ndiko kulikonibadilishia maisha. Wengi tuliambiwa ukisuka usiguse maji, mtindo utaharibika. Kwa mpishi wa pwani huo ni ushauri wa kuugua. Mimi naosha Jumapili nikitoka misa, jua likiwa bado kali. Naizimua shampuu kwa maji ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, naipitisha katikati ya mistari, nakanda kwa ncha za vidole bila kucha, nasuuza mpaka maji yatoke meupe. Sifuti kwa taulo la kukwaruza. Nakandamiza kwa fulana kuukuu ya pamba. Halafu nakaa kibarazani, au mbele ya feni umeme ukiwepo, mpaka shina la msuko likauke, kwa kuwa shina ndilo linalodanganya. Sifungi kitu chochote juu ya kichwa kibichi. Kazini navaa kitambaa chepesi cha pamba kinachonyonya jasho, na nina cha pili kwenye mfuko cha kubadilisha mchana. Satini ni ya usiku, inateleza na haisugui ukingo, lakini jikoni inafungia joto.

Rasta sijaziacha. Nimezipangia majira yake. Kusi inapovuma, Juni hadi Agosti, Dar inapoa na kukauka kidogo, nasuka za wastani kwa unene, fupi hadi mabegani, na sikai nazo zaidi ya wiki sita. Nywele za bandia naziloweka kwanza kwenye maji yenye siki na kuzisuuza, maana zile zilivyotoka kiwandani ziliniwasha shingo. Wakati wa masika sigusi nyuzi za sufu, ingawa ni nzuri na ni rahisi kununua. Zinakunywa maji ya mvua, zinakuwa nzito, na uzito wote unaning'inia kwenye mizizi. Kaskazi ni ya twende kilioni na mabutu. Kati ya mtindo mmoja na mwingine natoa siku kadhaa za kichwa kitupu.

Panja la kulia limejaa. La kushoto limerudi isipokuwa kipande cha ukubwa wa kucha ya dole gumba, karibu na sikio, ambacho mganga ameniambia kimeshakuwa kovu na hakitaota. Nimekikubali. Sikifuniki kwa wanja wala sivuti nywele kukiziba. Wateja walirudi mmoja mmoja. Wengine hawakurudi, na nafasi zao zimechukuliwa. Utingo mmoja aliniuliza waziwazi kama nilipona "ule ugonjwa", nikamweleza yote hadi chai yake ikapoa. Wiki iliyofuata alimleta dada yake.

Kwa msusi yule wa Temeke nilirudi pia, kwa kuwa watu wanaomfuata ni wengi kuliko wanaomfuata bibi wa Mtongani, na vichwa vyao vinanihusu. Tulikaa tukazungumza saluni ilipokuwa tupu. Alinionyesha mapanja yake mwenyewe. Hatukukubaliana kwa kila jambo. Anasema, na ana haki, kwamba mteja akitaka kukazwa na yeye akikataa, mteja anavuka barabara. Lakini sasa anapunguza mkono kwa watoto bila kuulizwa, na mtu mzima akisema inauma anaachia mstari huo. Nimemwomba vilevile asimsuke mtu mwenye vipele vya usaha, ampeleke kliniki kwanza. Hilo bado analifikiria.

Binti wa kaka yangu anaolewa mwezi wa pili, katikati ya kaskazi, na kwa siku ya sendi-ofu anataka nywele zote zivutwe juu, zilainishwe kwa jeli, ziongezewe mkia mrefu. Tumebishana kwa simu. Nimemtumia picha ya panja langu la kushoto lilivyokuwa, picha ambayo sikuwahi kumwonyesha mtu wa familia. Amekubali mkia mfupi, ushikiliwe na mistari mipana isiyogusa malaika, na ufumuliwe usiku uleule sherehe ikiisha. Msusi ni yule dada wa Temeke. Nimewaambia wote wawili kwamba nitakaa pembeni mwa kiti tangu mstari wa kwanza, na kwamba bibi harusi atakunja uso kila nitakapomwambia akunje.